Mwanamke wa Kurasa za Kati

Sabina aliacha nafasi nyeupe kuizunguka picha, upana wa vidole viwili kila upande, maana mchoro uliotulia unahitaji kupumua. Aliporudi kutoka kula, nafasi ya kushoto ilikuwa imepungua ikabaki nusu.

Alidhani ameigusa vibaya. Akairekebisha.

Kazi yake ilikuwa kupanga kurasa za jarida la wachoraji wa Kanda ya Ziwa, katika ofisi ya Minaz, ghorofani, Nyakato. Toleo lile lilikuwa la kumkumbuka mchoraji Luhaga, aliyefariki mwaka uliotangulia. Mjane wake, Evelina, alikuwa amewatumia picha ya mchoro wa mwisho wa marehemu: mwanamke ameketi juu ya jiwe ziwani, nywele zimelowa, amempa mtazamaji mgongo.

Kesho yake picha ilikuwa imefika ukingoni mwa ukurasa. Ofisi ilinuka tope na majani yaliyooza majini. Mchana kweupe, mashine za viwandani zikinguruma nje, Sabina alisikia maji yakilamba jiwe, taratibu, nyuma ya kioo cha kompyuta.

"Dada Minaz, unasikia?"

"Nasikia nini?" Minaz aliinua kichwa, akashtuka. "Sabina! Mkono wako!"

Kisu cha kukatia karatasi kilikuwa kimezama kidoleni. Damu ilikuwa imesambaa juu ya meza. Sabina aliitazama kama mtu anayetazama rangi iliyomwagika.

"Hakiumi," alisema.

Tangu hapo chakula kilikosa ladha mdomoni mwake, na watu walipocheka alisubiri tu wamalize. Picha ilivuka ikaingia ukurasa wa pili, ikafunika maandishi ya maisha ya Luhaga, na shingo ya yule mwanamke ikaanza kugeuka: kwanza sikio, kisha shavu. Sabina aliyaona yote. Alijua kwamba alipaswa kuogopa.

Asubuhi moja kaka yake, Masele, alipiga simu kutoka Kisesa. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Sabina, mama ametutoka. Njoo nyumbani."

"Sawa," alijibu, akakata simu, akaendelea kusogeza maelezo ya picha.

"Nani huyo?" Minaz aliuliza.

"Masele. Mama amefariki."

Minaz alimtazama macho makavu yale, kisha akaitazama ile picha iliyokuwa imemeza kurasa mbili. Akatoka hadi kwenye korido akampigia Evelina.

"Luhaga naye alikuwa hivyo hivyo," Evelina alisema polepole. "Tulimzika mtoto wetu, yeye akarudi kuosha brashi. Aliniambia yule mwanamke anambebea uchungu. Baadaye akambebea na furaha, na njaa. Alikufa ameketi mbele yake."

"Sasa mbona hukutuambia, mama?"

"Mwanangu, hata mimi nilikuwa nimemtazama sana. Sikuona sababu ya kusema."

Mjomba wake Minaz, Sheikh Irfan, aliyeitwa kwa simu, alifika kabla ya adhuhuri. Alipoanza kusoma, sauti yake ikiwa ya chini, madirisha yalilowa kwa ndani, harufu ya tope ikawakaba koo, na mwanamke wa kwenye kioo akageuka, pole pole, shavu, pua, midomo, hadi akawatazama ana kwa ana, na uso ule ulikuwa wa Sabina mwenyewe, ukitiririka machozi yote ambayo Sabina hakuyatoa.

Midomo ya Sabina ikafunguka. Sauti haikuwa yake.

"Sijamwibia. Nimempunguzia mzigo. Muulizeni kama anautaka."

Minaz alijibana ukutani. Sheikh alifuta jasho, akamsogelea Sabina.

"Mwanangu, siwezi kumtoa bila ridhaa yako. Akitoka, kila alichokubebea kitakurudia kwa pamoja."

"Nitaumia?"

"Utaumia sana."

Sabina alifikiri. Alimkumbuka mama yake nje ya geti la shule ya bweni, mvua inanyesha, amekumbatia kifuani mfuko wa matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, ili yasilowe. Aliikumbuka hata rangi ya kitenge chake. Ndani yake hapakutikisika kitu.

"Sikumbuki kumpenda kukoje," alisema. "Lakini najua nilimpenda. Nirudishieni."

Sheikh akapaza sauti. Kidole kilichokatwa kilitangulia, kiliwaka moto, Sabina akakishika na kukunja uso. Halafu akaanguka sakafuni, na kilio kikamtoka, kirefu, kikipanda hadi paani, akiita mama, mama, mama, huku akipiga vigae kwa kiganja.

Kwenye kioo lilibaki jiwe tupu na maji yaliyotulia.

Watu wa duka la chini walipanda ngazi mbio, wakajazana mlangoni kuuliza kuna nini. Minaz alikuwa amekaa sakafuni, amempakata Sabina, naye analia na kutabasamu kwa wakati mmoja.

"Muacheni alie," aliwaambia. "Amefiwa na mama yake."