Rizista Tatu Zilizochomwa

Amplifaya ya gitaa ilinuka nywele zilizobabuka. Si plastiki, si vanishi ya transfoma. Nywele. Na aliyesema hivyo hakuwa mtu wa kubahatisha: wenzake wakihangaika na mita, yeye alinusa bodi tu na kukutajia kilichoungua, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Fundi Pua. Majivuno anayo, tena ya kugawia majirani.

Mpiga gitaa aliyeileta alitaka kasha liwekewe mguu mpya, basi. Alikuwa analitumia kama stuli.

"Mali kama hii unaikalia? Niachie mimi," Pua alimcheka.

Mchana kweupe akaifungua juu ya meza ya kulia chakula, mkewe akinyonyesha kando yake. Rizista tatu, vile vipande vidogo vinavyopunguza nguvu ya umeme, zilikuwa nyeusi tii, mistari ya rangi imefutika. Akazing'oa, akaunga mpya, akawasha. Taa nyekundu ikawaka.

"Dakika kumi! Mwingine angekaa nayo wiki."

"Hongera, bingwa wa dunia," mkewe akamtania, kisha akakohoa. "Mbona koo linakauka?"

"Punguza umbea na jirani."

Mtoto wao halali bila kuimbiwa na mama yake. Siku hiyo mama akaanza kuimba, nusu ya wimbo ikatoka upepo mtupu. Nusu nyingine ikatokea mezani, kwenye spika, wala hakuna gitaa lililochomekwa.

Pua akang'oa waya ukutani. Spika ikaendelea kuvumisha wimbo, polepole.

"Ni umeme uliobaki kwenye kapasita," akasema, bila mtu kumuuliza.

Kesho yake asubuhi mkewe hakuweza ila kunong'ona. "Kitoe hicho kitu, bwana. Nilipokuwa jikoni kilimwita mwanangu. Kwa sauti yangu."

Pua akamtilia shaka yule mpiga gitaa. Mtu mzima anakaliaje amplifaya? Akaziokota rizista za zamani kwenye kopo la takataka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaangalia kabla ya kunusa. Rizista iliyozidiwa na umeme huungua kutoka ndani. Tumbo hupasuka na bodi chini yake hugeuka kahawia. Hizi matumbo hayakupasuka, na bodi ilikuwa safi kama sahani. Masizi yalikuwa juu tu. Kuna mtu alizishikia moto wa kiberiti, moja moja, makusudi, mpaka zikakata njia ya umeme.

Akampigia simu mpiga gitaa. "Kaka, nani alizichoma zile rizista?"

"Fundi, mimi nilikuomba mguu."

"Nijibu!"

"Mle mna jini. Hula sauti. Nilimfungia njia. Umebadilisha ngapi?"

"Zote."

"Basi zichome hizo mpya sasa hivi. Akimmaliza mkubwa huhamia kwa mdogo."

"Na sauti aliyokwisha kula?"

"Dada yangu mpaka leo anaongea kwa kuandika kwenye daftari."

Simu ilikuwa bado sikioni Pua alipomwona mwanawe kwenye mkeka amepanua kinywa, uso mwekundu, machozi yanachuruzika, analia kwa nguvu zake zote bila kutoa hata mlio, na kilio chenyewe, kilio kile kile anachokijua tangu siku mtoto alipozaliwa, kinatoka kwenye spika ambayo waya wake umelala sakafuni kama mkia wa panya aliyekufa. Mkewe akamshika mkono, akagusa koo lake mwenyewe, akatikisa kichwa kama asemaye basi, akamwelekezea mtoto kidole, kisha akamtilia kiberiti kiganjani.

Pua akawasha njiti. Rizista ya kwanza ikafuka, ya pili, ya tatu, na nyumba nzima ikajaa harufu ya nywele. Spika ikakata. Mtoto akalipuka kulia, kwa kinywa chake mwenyewe.

Mama akamkumbatia mwanawe na kumbembeleza. Midomo ikacheza wimbo mzima. Hakikusikika kitu.

Mtoto akamtazama, hakumwelewa, akaendelea kulia. Halafu akageuza shingo kuelekea mezani, akatega sikio kana kwamba mama yake anamwimbia kutoka mle ndani ya spika, na taratibu, huku akitabasamu, akaanza kusinzia.