Jogoo wa Arobaini

Jua lilikuwa linazama nyuma ya mashamba ya pamba nilipotoka kuwafungia kuku. Jogoo alipanda juu ya tanuri la mikate, akawika. Ndani, mwanangu Bunyod akaanza kulia. Nilimchukia yule jogoo kwa moyo wangu wote.

"Jogoo wa nini?" nilimuuliza mama mkwe. "Mayai tunapata hata bila yeye. Tumchinje, tunywe supu."

Mama Oyniso hakuinua macho kutoka kwenye unga aliokuwa akikanda. "Nyumba yenye mzazi haikai bila jogoo mpaka arobaini ya mtoto itimie. Wewe kelele zake zinakukera. Wapo wanaoziogopa."

Wazee hawakosi hadithi. Mume wangu yuko Urusi kwenye vibarua, mtoto haniachi nilale. Nilichotaka ni usingizi tu.

Kesho yake, magharibi, nilimkuta mwanamke langoni. Simjui. Nywele za manjano zilichungulia chini ya kitambaa chake. Zilikuwa zimelowa, zinanuka tope la mfereji.

"Jogoo wenu ananinyima raha, dada," alinong'ona. "Nipe mimi. Nawe utalala."

Nilimkamata jogoo nikampa. Mikononi mwake jogoo hakupiga hata bawa.

Mama mkwe alipojua, hakunigombeza. Alilia. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Jioni iliyofuata, mtetea wetu mkubwa alipanda juu ya tanuri. Akanyoosha shingo...

Akawika.

"Uchuro," mama mkwe alisema, akaenda kuchukua kisu. Kwetu kuku jike akiwika huchinjwa papo hapo, la sivyo ataita msiba. Nami najua hivyo tangu utotoni, kwa hiyo nilimshika mtetea miguu.

Akawika tena. Nikatazama langoni.

Yule mwanamke alikuwa pale. Ameziba masikio kwa viganja. Anarudi nyuma, anatetemeka.

"Mama, ngoja..."

Kisu kilikuwa kimeshapita.

Kimya.

Lango likalia... kwiii... Pale aliposimama hapakuwa na mtu. Harufu ya tope ikanipita ubavuni, ya baridi, ikaelekea ndani. Bunyod alilia mara moja tu.

Kilio kikakatika.

Tulikimbia. Mtoto alikuwa kwenye kitanda chake cha mbao, amefungwa vitambaa vyake, kama nilivyomwacha. Macho wazi. Anapumua. Mto ulikuwa umelowa.

"Mzima," mama mkwe alisema. Lakini hakumgusa.

Tangu siku hiyo hajalia hata kwa njaa. Mama Oyniso hambebi tena. Anasema mgongo unamuuma. Nami nilijiambia mtoto ametulia, basi, watoto wengine ndivyo walivyo.

Jana mama mkwe alirudi na jogoo mwingine kutoka kwa dada yake. Nilikuwa uani, namnyonyesha mtoto. Jogoo aliachiwa, akajikung'uta, akawika.

Mtoto aliacha ziwa. Akainua mikono yake midogo.

Akaziba masikio.

Mama mkwe aliona. Alikaa chini palepale, polepole.

"Jogoo abaki," alininong'oneza, "au nimrudishe? Sema wewe, mwanangu. Wewe ndiye uliyezaa."

Nilimtazama yule mtoto. Alikuwa amerudi kunyonya, ameking'ang'ania kidole changu.

"Mrudishe, mama," nikasema.