Kapsuli Moja kwa Watoto Watatu

Dorca wa mtaa wa Migosi aligawa kila kitu sawasawa. Samaki mmoja, watoto watatu: vipande vitatu. Hata kapsuli ya dawa ya tumbo kutoka soko la Kibuye aliifungua, akapima unga wake kwa ncha ya kijiko.

"Sitaki kupendelea mtu," alisema.

Mwaka ule magugu maji yalikuwa yamefunika ziwa. Adero, kitinda mimba wake, akaanza kuhara damu. Dorca akampa fungu lake la unga. Siku ya tatu mtoto alilegea kama kitambaa kilicholowa. Mama akambeba mbio hadi hospitali. Wakamtundikia maji, wakachukua choo chake kwenda kukipima.

Siku mbili baadaye Dorca aliketi kando ya kitanda. Maji yalidondoka, tone, tone. Macho yakawa mazito. Akaona ukuta unapumua polepole, kama ziwa chini ya majani.

Mkono ukamgusa bega. Alikuwa jirani yake Nabalayo, mfanyakazi wa maabara ya hapo.

"Mama Adero! Kumbe umefungua shule ya vijidudu na hukunialika?"

"Nyathina, mtoto wangu, anakufa, na wewe unacheka?"

"Ningecheka kama anakufa? Sikiza. Kila kijidudu kina maagizo ndani yake. Agizo moja linaitwa jeni. Wataalamu wa dunia nzima wameandika kwenye kompyuta: jeni hii, tabia hii. Tumelinganisha jeni za kijidudu cha Adero na maandishi hayo. Kinashinda dawa yako ya Kibuye. Kinashinda pia ile dawa daktari alitaka kuanza leo."

Dorca akamgeukia Adero kitandani. "Sasa?"

"Kuna nyingine. Tumeijaribu kwenye kisahani cha maabara, imekiua. Daktari ameshabadilisha."

"Lakini kilijifunza wapi?"

"Kwako, labda. Dawa kidogo inaua vijidudu dhaifu. Vile sugu vinabaki, vinazaana, vinapeana jeni kama majirani wanaopeana moto."

Dorca akafumba macho. Aliviona: vidogo, vingi, vikipokezana makaa nyumba hadi nyumba, mpaka ziwa lote likametameta.

"Dozi ya Adero ni ya Adero," Nabalayo alisema. "Yote. Hata akipona mapema."

Jioni Adero aliomba uji. Kufikia Jumapili alikuwa anagombana na dada zake, na bado Dorca alimpa dawa mpaka ya mwisho.

Wiki iliyofuata Metrine, wa nyumba ya pili, akabisha. "Mama Adero, mtoto wangu anaumwa tumbo. Hukubakisha kapsuli mbili tu?"

"Hata moja," Dorca alisema, huku akijifunga kitambaa kichwani. "Mbebe, twende wote hospitali."