Kasha Lisilonguruma

Seva ya zamani ilipozimwa, nyumba ya Rashidi pale Nangara ilitulia mno, hata wenyewe wakajikuta wananong'ona bila kujua kwa nini.

Ilikuwa kompyuta kubwa ya mtumba, ya kuhifadhia kumbukumbu, iliyowekwa kwenye kona ya sebule, na feni zake zilinguruma usiku na mchana. Rashidi, muuza vipuri vya pikipiki, aliiita trekta. "Mama Amira," alikuwa akilalamika, "mimi nilioa mke. Sikusema niletewe na mashine ya kukoboa."

Shadya, mkewe, hakukubali kuizima, maana ukoo mzima ulikuwa humo: picha za arusi, visomo vya arobaini, sauti za wazee waliokwisha kuzikwa Kondoa na Babati. Kilichokuwa na thamani kuliko vyote ni sauti ya marehemu mama yake, Bi Shani, akiwataja mabibi wa ukoo kutoka kwake kwenda juu, kila aliyekufa akimtangulizia neno marehemu. Mama yangu ni marehemu Rehema. Mama yake, marehemu Zuhura. Mama yake Zuhura... hapo Bi Shani alikohoa. "Jina limenitoka," alisema, kisha akaruka hadi kwa Kibibi. Tangu mama yake azikwe, Shadya alikuwa amelitafuta jina hilo kwa kila mama mkubwa na mama mdogo, na kila mmoja alimpa jina tofauti. Pengo lile lilimkera kama jiwe kwenye kiatu.

Kasha jipya la kuchukua nafasi ya seva hiyo lililetwa na basi la Arusha, na Shadya akaizima ile ya zamani, akahamishia diski zake humo. Lilikuwa la chuma, bapa, la kusukumwa ndani ya kabati lake kama droo, na feni zake hazikusikika hata ukilitegea sikio. Tatizo lilikuwa reli zake za kutelezea kabatini. Moja ilikuwa ndefu, nyingine fupi. Shadya alimpigia muuzaji.

"Dada, wewe sukuma tu, itaingia."

"Nisukume nini, kaka? Tundu za skrubu hazikutani!"

"Zitakutana. Ukisukuma."

Alikata simu. Alasiri nzima alikaa sakafuni, bisibisi mkononi, jasho likimwingia machoni. Skrubu ya mwisho ilipomponyoka na kuvingirika chini ya kochi, mtu alibisha kwa upole, karibu sana.

"Hodi."

"Karibu!" Shadya alijibu kwa hasira, mkono ukiwa chini ya kochi. "Ingia tu, mlango uko wazi!"

Hakuingia mtu. Binti yake Amira, aliyekuwa akiruka kamba mbele ya mlango, alichungulia ndani.

"Mama, unamkaribisha nani? Huku nje niko peke yangu."

"Si kuna mtu kabisha?"

"Hakuna. Mimi ningemwona."

Shadya aliitafuta skrubu yake, akaipata, akayasahau hayo.

Kesho yake Rashidi alisifu utulivu wa nyumba, ila akauliza ni nani ameunguza nywele. Harufu ilikuwepo kweli, ya nywele zilizoungua, na chini yake kitu kitamu kama marashi ya maiti. Shadya alidhani ni waya. Alilifungua kasha, akanusa kila waya, akalifunga. Siku hiyo hiyo mjomba mmoja aliomba sauti ya arusi ya mwanawe. Shadya aliifungua aisikilize kwanza, kama ilivyo desturi yake. Vigelegele vilikuwepo, na ngoma, na shangazi mmoja akigombania sahani. Kisha, nyuma ya watu wote, sauti ndogo ikasema, "Hodi." Arusi nzima ikanyamaza. Hapakuwa na ngoma tena wala kicheko. Kilichobaki ni mtu mmoja akipumua.

Alifungua nyingine, na nyingine. Kila mahali ilibishwa hodi, na kila mahali watu wake walinyamaza.

Hakuogopa. Alikasirika. Alibadilisha nyaya, akazipima diski moja moja, zote zikaonekana nzima. Alimwita kaka yake Sele alete nakala ya sauti zote aliyokuwa amemwachia kule kwake Bonga kwa ajili ya siku kama hiyo.

"Sasa ukiiharibu na hii?" Sele aliuliza akiikabidhi.

"Sele, naomba usinitie kisirani."

Aliichomeka. Kabla Sele hajamaliza chai yake, wazee wa kwenye nakala nao walikuwa wamenyamaza mmoja baada ya mwingine, kama taa za mtaa umeme unapokatwa. Sele aliweka kikombe chini, akaaga bila kumtazama dada yake.

Ilibaki sauti ya Bi Shani tu. Shadya hakuthubutu kuigusa. Akachomoa waya wa umeme, akalifunika kasha kwa kanga, akaenda kutawadha kwa ajili ya magharibi; na alipokuwa ameinama, maji yakimtiririka viganjani, alisikia kutoka sebuleni, kutoka kwenye mashine isiyo na umeme, mama yake akimwita taratibu kama alivyokuwa akimwita akiwa na homa, "Shadya, mwanangu, mbona umenifunika?"

Rashidi alimkuta ameganda kwenye korido.

"Umesikia?" Shadya alimnong'oneza.

"Nimesikia," Rashidi alisema. "Usiitike. Wallahi usiitike."

Rashidi alimwita Mama Muzamil, naye alikuja kesho yake mchana, baada ya kufunga meza yake ya vitenge sokoni. Alikuwa mganga wa visomo, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi. Alinusa mlangoni, akakunja uso.

"Nani kati yenu alimwambia karibu?"

Shadya akainua mkono kama mwanafunzi.

"Bila kumwona?"

"Nilikuwa nashughulika na skrubu, mama."

"Haya, skrubu." Alitikisa kichwa. "Kelele za ile mashine ya kwanza zilimzuia. Hodi yake haikusikika, nawe hukumjibu. Sasa aliyemkaribisha ndiye wa kumtoa. Nitasoma. Nikikugusa bega, sema toka, mara tatu. Usiongeze neno. Ataondoka na sauti aliyoivaa, mwachie."

"Ya mama yangu?"

"Mwachie. Na usimwulize kitu. Akikujibu swali, amekufanyia kazi, na kazi hiyo atakulipisha kwa kuchukua kinywa cha mtu wa nyumba hii."

Amira alitumwa uani akacheze, na ubani ukawashwa. Mama Muzamil alisoma, moshi ukajaa sebule, na kasha likaanza kutetemeka ndani ya kabati mpaka zile reli zisizolingana zikalia. Akamgusa Shadya bega.

"Toka," Shadya alisema.

Harufu ya nywele ikaongezeka.

"Toka."

Ndipo Bi Shani alipoanza kuhesabu mabibi, kwa sauti ile ile na pumzi ile ile ya kifua kibovu, mama yangu ni marehemu Rehema, mama yake marehemu Zuhura, na alipofika pale hakukohoa, alinyamaza tu, akangoja, kama mtu aliyebeba kitu mkononi na anataka aombwe. Na Shadya, aliyeketi na mama wakubwa na wadogo wote akilitafuta jina hilo, aliyejua kwamba baada ya neno lake la tatu hakuna kinywa chochote duniani kitakacholitamka jina lile, alihisi vidole vya Mama Muzamil vikimbana bega mpaka mfupani, akafungua mdomo kusema toka, akasikia alichokisema badala yake.

"Mama yake Zuhura ni nani?"

Vidole vikaachia bega lake. "Umefanya nini, wewe mwanamke?" Mama Muzamil alinong'ona.

"Mwasiti," sauti ilisema kwa furaha. "Marehemu Kibibi akamzaa marehemu Mwasiti. Mwasiti akamzaa marehemu Zuhura. Zuhura akamzaa marehemu Rehema. Rehema akamzaa marehemu Shani. Shani akamzaa Shadya. Shadya akamzaa marehemu Amira."

"Toka!" Shadya alipiga kelele. "Toka! Toka!"

Kasha likatulia. Moshi ukavutwa dirishani kwa mkupuo mmoja, harufu ikaisha, na sebule ikawa sebule tu, yenye kochi na pazia. Rashidi alikuwa ameshafika mlangoni. Alisimama hapo akitazama uani, mkono umeshika fremu, wala hakugeuka.

"Amira!" Shadya aliita. "Amira, mwanangu!"

"Abee, mama," mtoto aliitika, karibu sana, ndani ya kabati la chuma.