Meli Katikati ya Moshi

"Iko wapi meli yetu?" baba aliuliza.

Pantelis, mchumba wangu, aliweka brashi chini. Mchoro ulikuwa mezani, wa rangi za maji, kazi ya mwaka mzima. Vita vya mababu zetu baharini: meli za Waturuki zinaungua, za kisiwa chetu zimezizunguka, katikati moshi mweupe wa mizinga.

"Kapteni, meli yenu Evanthia ilifika vita vimekwisha. Bandari nzima inajua."

"Bandari nzima! Wale wauza pweza?"

"Hata wewe unajua, Kapteni."

Nilimkanyaga Pantelis mguu. Kwetu baba wa bibi harusi ndiye hutoa nyumba, na sebuleni hutundikwa meli ya ukoo ikiwa vitani. Bila hiyo, baba alishaapa, hakuna harusi.

"Baba, ipo ndani ya moshi," nilidakia. "Haionekani tu."

"Ndani ya moshi? Babu wa babu yangu alikuwa anachoma samaki?"

Akanyakua brashi, akaichovya kwenye rangi nyeusi, akachora Evanthia katikati ya moshi. Kubwa, imekaa kama kiatu.

Ule weupe haukuwa rangi. Ilikuwa karatasi yenyewe, ambayo Pantelis aliikwepa kwa miezi. Ukishaigusa hairudi.

"Sasa weka jina lako," baba alisema. "Jumapili nakupa binti."

Pantelis akatoka uani. Nilimwandikia kwa simu: "Usisaini. Tupande meli ya jioni twende bara, Pirea."

Akajibu: "Na mama yako mgonjwa? Ukitoroka, baba yako hatakuruhusu hata kumzika. Stamata, mimi sina pa kupita."

Ujumbe huo ninao bado. Mama mwenyewe tulimzika Februari.

Alirudi ndani.

"Pantelis, acha," nilisema.

"Nipishe, mpenzi."

Akasaini, kwa herufi ndogo. Baba alimkumbatia akilia machozi ya kweli.

"Karibu nyumbani, mwanangu!"

Jumapili padri alituvisha mataji ya ndoa. Nyumbani wageni walijazana mbele ya mchoro.

"Evanthia hiyo! Mkono wa dhahabu, Pantelis!"

"Asanteni," aliwajibu, mmoja baada ya mwingine. "Asanteni sana."

Nilimshika mkono.

"Utachora mwingine," nilimnong'oneza.

"Na nitausaini kwa jina la nani, Stamata?"

Baba akaita wapiga fidla. Tukaenda kucheza.