Kopo la Jumatatu

Kilichoibwa kilikuwa kopo moja dogo la filamu. Kamera ilibaki kitandani, na darubini, na koti lenye pochi.

"Mwizi gani huyu?" aliuliza Inspekta Enos Amolo.

"Labda anapenda ndege kuliko mimi," alijibu Gichuki, lakini uso wake haukucheka.

Gichuki alikuwa na duka la picha mjini Kisumu. Oktoba hiyo ya 1968 alipanga chumba Usenge kwa wiki moja, kupiga picha za ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya. Kila kopo aliliandika siku yake. Jumapili asubuhi, akifunga mizigo, aliyaona yote ila la Jumatatu.

"Lilikuwa na nini?"

"Yangeyange wakidokoa omena ufuoni. Na Walter, afande. Yule kijana aliyezama Jumanne."

Amolo aliinua kichwa. Msako wa siku tatu ulileta kasia tu. Jana Walter alizikwa bila mwili.

"Nani alijua kuhusu picha hiyo?"

"Waombolezaji wote. Nilipompa mama yake pole nilimwambia. Akaitaka kabla ya mazishi. Nikasema haijaoshwa, hadi Kisumu, wiki ijayo."

"Mlango uliufungaje?"

"Kwa kamba. Hapa Usenge, nani aibe?"

Amolo hakuhangaika na alama za vidole. Alimchukua Gichuki, wakaenda kwa Anyango, mama wa marehemu.

Walimkuta peke yake karibu na kaburi, akichambua mtama. Walimpa pole, wakaketi. Nyuma ya ghala mbuzi alikuwa akiguguna kitu kirefu cha kijivu. Amolo alitazama mara mbili. Lilikuwa yago. Mjaluo akimezwa na ziwa, tunda hilo ndilo huzikwa mahali pake, ili naye apate kaburi. Hili lilipaswa kuwa chini ya udongo tangu jana.

"Mama, jana mlizika nini?"

"Mwanangu."

"Yago liko kwa mbuzi."

Mikono ya Anyango ilitulia juu ya ungo.

"Una watoto, Inspekta?"

"Nilikuwa naye mmoja."

"Wewe ungezika tunda?"

Amolo alivua kofia.

"Kopo nililichukua Ijumaa, huyu alipokwenda ziwani. Alfajiri ya mazishi nikalitoa yago sandukuni, nikaweka kopo ndani ya shati la Walter. Uso wake umo. Huyu amesema mwenyewe."

"Ushahidi uko kaburini, Mama. Kuufukua kunahitaji amri ya hakimu."

"Na wazee watajua. Watasema sikumzika. Watamtoa." Sauti yake haikupanda. "Nifunge mimi. Yeye mwache alale."

Amolo alimgeukia Gichuki. "Mlalamikaji ni wewe."

Gichuki alilitazama kaburi.

"Mle kuna pia ndege niliyemngoja miaka mitatu," alisema. Kisha akashusha pumzi. "Futa kesi, afande."

Amolo aliinuka, akamfukuza mbuzi, akalifunika yago kwa gunia.

"Baba," Anyango alimwita Gichuki. "Mimi sikuiona hiyo picha. Alikuwaje?"

Gichuki akachutama mbele yake.

"Alisimama maji yakimfika magotini. Yangeyange alikuwa amemwibia samaki. Anamtukana yule ndege, huku anacheka. Jino moja la pembeni..."

"Lililovunjika."

"Hilo. Lilionekana kabisa."

Anyango aliweka ungo chini.

"Tena," alisema.

Gichuki akaanza upya, tangu magotini.