Ndoo Mbili za Maji

Kila alasiri akitoka chuoni kusoma Kurani, Riyama alipanda ngazi mpaka jikoni, ghorofa ya pili ya nyumba yao ya Kiponda, kumtazama Fundi Mkadam akitengeneza sakafu ya mbao. Sakafu ile ilikuwepo tangu bibi yake hajazaliwa. Fundi aling'oa misumari yenye kutu, akapiga msasa, kisha akapaka mafuta. Mbao zilizokuwa nyeusi kwa moshi zikatoa rangi ya halua.

"Mpaka Jumamosi asitie mtu maji humu," Fundi alimwambia Jumanne moja. "Mafuta hayajanywea mbaoni."

"Hata kikombe?"

"Hata tone, mwanangu."

Jumamosi hiyo ilikuwa khitma ya arobaini ya Bibi, kisomo cha kumwombea. Enzi za uhai wake, Bibi aliosha jiko kila Alhamisi ili Ijumaa ilikute safi, na tangu afariki Riyama ndiye aliyeishika kazi hiyo. Basi Alhamisi ilipofika, mama yake akiwa sokoni Darajani, Riyama aliona vibaya. Arobaini ya Bibi, na jiko lake halijaoshwa? Akamwaga ndoo mbili za maji, akasugua huku akilia.

Ijumaa asubuhi mbao zilikuwa zimejikunja kama samaki wa ng'onda anayekaushwa juani. Mama yake, Bi Maisara, akashika kichwa.

"Fundi, umetufanyia nini? Kesho watu wanakuja!"

"Bi Maisara, kazi hii nshaifanya miaka. Mbao hizi zimeingia maji."

"Maji atie nani? Riyama, umetia maji wewe?"

"Hapana, Mama."

Fundi alimtazama Riyama.

"Basi kusanya zana zako," alisema Mama. "Nnamwita mtu azing'oe zote, aweke marumaru."

Fundi Mkadam akatia randa yake kikapuni, akaondoka. Riyama alisikia viatu vyake vya makubadhi vikishuka, ngazi moja baada ya nyingine. Akamshika mama yake mkono.

"Mama, mwite! Ni mimi. Nilikuwa namwoshea Bibi jiko lake."

 Mama akakimbilia dirishani. "Fundi Mkadam! Rudi, tafadhali!"

"Naam!" sauti ikaitika kutoka kichochoroni.

Fundi alirudi, akapiga magoti, akazipapasa mbao. "Kama ni maji, zitakauka. Msizing'oe. Fungueni madirisha wiki mbili, nitakuja kuzinyoosha." Mkono wake ukasimama kwenye ubao mmoja uliopasuka toka mwanzo hadi mwisho. Ulikuwa na kibonde, pale Bibi alipoweka mbuzi yake ya kukunia nazi miaka yote. "Huu tu ndio haufai tena."

Riyama akaweka kiganja ndani ya kibonde kile, akalia mpaka akapaliwa. Ubao mwingine kama ule haupatikani popote.

"Nisamehe, Fundi," alisema Mama. "Nimekudhulumu."

Kisha akakaa chini kando ya binti yake, akamfuta uso kwa ncha ya kanga.

"Ulipotia maji ulikosea, lakini ulikosea kwa mapenzi. Na mimi pia namlilia mama yangu. Ila uliposema hapana, mtu mwema alishuka ngazi zetu na jina baya. Ukikosea, mwanangu, sema hapo hapo, hata kama sauti inatetemeka. Ukinyamaza, mwengine ndiye atakayebeba kosa lako. Kesho tutapika uani. Sasa inuka, kamwombe Fundi radhi kwa mdomo wako mwenyewe."

Riyama akainuka, akamwendea Fundi.